Tone Chini ya Koki



Sisi ni akina mama tisa wa mtaa mmoja, katika usharika ulioko milimani mkoani Njombe. Tulipoombwa kuandika ushuhuda kwa ajili ya kitabu hiki tulisita. Wenzetu wanashuhudia uponyaji na safari ndefu za imani, nasi tulichonacho ni habari ya sufuria la togwa na koki iliyovuja. Lakini tulipoomba juu ya jambo hili, tuliona kwamba kwa sufuria lile Mungu alitufundisha mambo ambayo tulikuwa tumeyasikia mimbarani miaka mingi bila kuyashika. Basi tunayaandika kama yalivyotokea, na yale ya aibu yamo pia.

Sufuria lenyewe lina historia. Ni la lita 60, la chuma kisichoshika kutu, na lilikuwa mali ya bibi aliye mkubwa kuliko sisi wote. Zamani alilipikia komoni, na nyumba yake ilijaa wanywaji tangu asubuhi. Alipompa Bwana maisha yake, majirani walidhani ataliuza. Yeye akamtwika mjukuu wake, wakaja nalo mpaka mlangoni pa kanisa. "Mungu hakunikataza kuotesha ulezi," alituambia. "Amenikataza kuwalewesha watoto wa watu."

Alisema kweli, maana togwa na pombe hutoka nyumba moja. Zote mbili huanza na kimea: ulezi unalowekwa, unafunikwa kwa gunia mpaka uote, unaanikwa, kisha unasagwa. Kwa togwa tunapika uji mzito wa mahindi, tunauacha upoe kiasi, ndipo tunatia kimea na kukoroga. Ndani ya saa moja hivi uji ule mzito unalainika wenyewe na kuwa mtamu bila punje ya sukari, kwa sababu kimea kinavunja wanga na kuugeuza sukari. Ila lazima joto liwe sawa. Ukitia kimea katika uji unaochemka kinakufa, na uji unabaki mzito vilevile. Bibi hupima kwa kuchovya kidole na kukitoa upesi. Mmoja wetu ni muuguzi mstaafu, na siku moja alipima kwa kipimajoto baada ya bibi kusema "sasa". Kilisoma nyuzi 64. Bibi akacheka akasema kidole chake hakihitaji betri.

Togwa ya siku ya kwanza na ya pili ni kinywaji cha mtoto na mzee. Ukiiacha siku nyingi inachachuka na kuanza kuifuata ile njia ambayo bibi aliiacha. Kwa hiyo tulipika kila Jumamosi na kuuza Jumapili baada ya ibada, kikombe kwa kikombe, tukikusanya fedha za bati za nyumba ya mwinjilisti.

Sasa tueleze siku ile. Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa sita, na wanaoijua Njombe wanaijua baridi ya mwezi huo. Desturi yetu ilikuwa kwamba uji ukiiva, watu wawili wanalishika sufuria kwa vitambaa, wanaliinua kutoka kwenye mafiga na kuumimina uji kwenye ndoo ili upoe. Siku hiyo uji ulikuwa kama lita 40, yaani kilo zaidi ya 40 bila uzito wa sufuria lenyewe. Upande mmoja alishika mama mtu mzima. Upande wa pili alishika binti yetu, mdogo kuliko wote kikundini, mwenye miaka 23. Kitambaa cha yule mama kilikuwa kimelowa, na kitambaa kilicholowa hupitisha joto upesi. Mikono ikamwungua, akaachia. Uji ukammwagikia binti kuanzia gotini mpaka kwenye vidole vya mguu wa kushoto.

Uji si kama maji. Maji yakikumwagikia yanatiririka na kuondoka. Uji unang'ang'ania ngozi na kuendelea kuunguza.

Mmoja wetu alikimbilia unga, mwingine dawa ya meno. Muuguzi wetu akapaza sauti ambayo hatukuwahi kuisikia kwake: "Acheni vyote! Maji! Maji ya bomba!" Tukaumwagia mguu maji safi ya bomba kwa dakika 20 kwa saa yake, yeye akihesabu, binti akilia, nasi tukilia pamoja naye. Kisha tukaufunika kwa kanga safi na kumpeleka hospitali. Alilazwa wiki tatu.

Jumatatu tulikutana, na katibu wetu akaandika katika daftari la kikundi maneno tuliyokubaliana sote: "Ajali. Ni mapenzi ya Mungu."

Wapendwa, hapo ndipo palipokuwa na dhambi yetu. Katika daftari lilelile, kurasa chache nyuma, yalikuwepo maneno mengine. Mwezi wa nne binti yule alikuwa ameuliza mkutanoni: "Mama zangu, hatuwezi kulitoboa sufuria chini tukaweka koki? Tutakuwa tunafungulia tu, hatuinui." Alikuwa amefanya kazi katika hoteli mjini, na huko aliona chombo cha chai chenye koki. Katibu aliandika jibu letu: fedha ni za bati. Mwezi wa tano aliuliza tena. Mara hiyo hatukuandika jibu, lakini tunalikumbuka. Tulimwambia, "Binti, sisi tumeinua masufuria kabla hujazaliwa." Tukacheka, naye akacheka kwa adabu.

Tulikwenda kumwona hospitali kila wiki. Tulipeleka mayai, machungwa na chupa ya chai, tukaimba, tukaomba. Mambo ya kwenye daftari hatukuyagusa. Siku moja, tukiwa tumeshasema amina na tunakusanya vikapu, akauliza kwa sauti ya chini: "Na lile sufuria, mama zangu?" Hakuna aliyejibu. Njiani kurudi katibu alilia mpaka tukasimama kando ya barabara.

Tukaamua kuweka koki. Ungedhani hayo ndiyo mapatano na Mungu, lakini hata toba yetu ya kwanza ilivuja. Tulitaka koki ile iwepo kabla binti hajatoka hospitali, tumwonyeshe, na mambo yaishe. Kijana wa jirani akalitoboa sufuria kwa msumari na nyundo, akalipanua tundu kwa tupa mpaka koki ya nusu inchi ikapita. Akakata washa mbili kutoka mpira wa ndani wa tairi la baiskeli, akakaza kwa nguvu zake zote. Tukatia maji. Likatokea tone chini ya koki, likadondoka, likafuata lingine.

Tukanunua gundi ya chuma, tukaipaka nje kuzunguka koki mpaka ikawa kama kidonda kilichovimba. Maji baridi yakakaa. Tukashangilia. Tulipopika, chuma kilipata moto na kutanuka, gundi ikapasuka, na tone likarudi pamoja na harufu ya mpira ulioungua. Jumapili ile mchungaji wetu alikuja kuliombea sufuria. Mmoja wetu alisimama karibu na koki na kitambaa nyuma ya kanga, akawa analipangusa tone kila lilipotokea. Mchungaji hakuona kitu. Alishukuru, akaomba, akaondoka.

Bibi aliona. Alingoja watu watawanyike, akasema: "Nilipokuwa muuza pombe, ikiharibika nilikuwa naiweka nyuma ya pipa jipya na kumuuzia yule aliyekwisha lewa. Hiki mnachokifanya na kitambaa nakijua. Nilikifanya miaka mingi." Togwa yote ya siku ile tuliimwaga.

Jumatatu tulilibeba sufuria mpaka mjini kwa fundi bomba mmoja mzee. "Karibuni, mama zangu," alisema, akatupa viti. Hakushika spana. Alilijaza sufuria maji, akainama, akaangalia kwa muda mrefu. Kisha akatuambia neno tunaloendelea kulitafakari mpaka leo: "Tone linaonekana hapa, lakini halitoki hapa."

Akatueleza. Maji yaliingia kutoka ndani, yakapita chini ya nati, yakafuata mizunguko ya hesi mmoja baada ya mwingine kama mtu anayeshuka ngazi, yakatokea upande mwingine kabisa. Sisi tulipaka gundi mahali tulipoona unyevu, na njia ya maji ikabaki wazi. Tena kila kitu kina kazi yake, alisema. Tepu nyeupe ya mafundi bomba huziba kati ya hesi na hesi, pale bomba linapoingia kwenye koki. Washa huziba kati ya koki na ukuta wa sufuria. Tepu haiwezi kazi ya washa, wala washa haiwezi kazi ya tepu.

"Lakini kwanza nitaitoa gundi yote," alisema. "Mimi sizibi juu ya gundi."

Alitumia saa nzima kukwangua tu. Gundi ilipotoka tuliliona tundu letu lilivyo: limekaa kama yai, lina kingo zenye meno. Hesi ya nusu inchi ina upana wa karibu milimita 21, lakini tundu letu lilikuwa limeshapita kipimo hicho upande mmoja. Halikuweza kurudishwa dogo. Ilibidi lipanuliwe mpaka milimita 27 ili liwe duara, na tununue koki ya robo tatu inchi, ambayo ina bei kubwa zaidi. Haraka yetu ilikuwa na gharama.

Alifunga ubao nyuma ya tundu ili drili isiyumbe, akalipanua taratibu. Akasugua kingo kwa tupa na msasa, ndani na nje, mpaka ukipitisha kidole hukwaruzwi, kwa sababu kingo kali huikata washa kimyakimya wakati wa kukaza. Kisha akatuonyesha kosa ambalo hatukulijua kabisa. Ukuta wa sufuria umepinda, na washa imelala tambarare, kwa hiyo washa inagusa pande mbili na kuacha pengo pande nyingine mbili. Akaweka gogo ndani, akagonga nje kwa nyundo ya mbao, pole pole, mpaka sehemu ndogo kuzunguka tundu ikawa tambarare. Mpira wa tairi akautupa. Si kitu cha kugusa chakula, na joto huufanya mgumu. Akaweka washa za silikoni za vyombo vya chakula, ambazo huvumilia zaidi ya nyuzi 200. Kwetu milimani maji huchemka hata kabla ya kufika nyuzi 100, kwa hiyo hazina wasiwasi.

Mwisho akakaza, na hapo pia tulijifunza. Alikaza kwa mkono mpaka ikagoma, kisha akaongeza kwa spana chini ya nusu mzunguko, mwenzake akiishikilia nati ya ndani isizunguke. Tukamsihi aongeze. Akakataa. "Mkizidisha, washa inabanwa mpaka inatoka nje na kupasuka. Kukaza sana nako huvujisha." Akina mama wenye watoto wakubwa tulitazamana.

Gharama ilikuwa shilingi 46,000 pamoja na kazi. Fundi akatuagiza tulijaze maji baridi usiku kucha, kisha tuchemshe, tuache lipoe, tukaze kidogo tena, ndipo tuliamini.

Usiku ule maji yakiwa ndani ya sufuria, tulijua kuna tundu jingine ambalo bado tumelipaka gundi. Binti alikuwa amesharudi nyumbani kwao. Asubuhi tukaenda wote tisa, tukiwa na daftari. Katibu akasoma ukurasa wa mwezi wa nne. Akasoma wa mwezi wa tano, na maneno tuliyoyasema bila kuyaandika. Akasoma "Ajali. Ni mapenzi ya Mungu." Kisha akayakata kwa kalamu mbele yake, akaandika juu yake: "Alituambia mara mbili. Hatukumsikia."

Binti alinyamaza muda mrefu. Mama yake alitoka nje. Kisha akasema: "Nilijua mmeandika nini. Nilikuwa nangoja mseme." Baadaye akaongeza: "Nimewasamehe, mama zangu. Ila sufuria sitalishika tena." Tulitaka kumwambia kwamba sasa lina koki, halina hatari, atashika tu. Bibi akatuzuia kwa mkono. Tukamjibu, "Ni sawa, mwanetu." Ni sawa mpaka leo.

Tulikumbuka pia habari za Zakayo, kwamba siku wokovu ulipofika nyumbani kwake mkono wake ulikwenda kwenye mfuko. Gharama za hospitali baba wa binti alikuwa amezilipa kwa kuuza mbuzi. Tukatoa fedha za bati tukamrudishia zote. Ilikuwa vigumu kumweleza mwinjilisti, lakini yeye alituambia, "Bati zitakuja. Mimi nilikwisha zoea kuhamisha kitanda mvua ikinyesha." Msimu ule wa mvua alihamisha kitanda tena, na kila mvua iliponyesha tulikumbuka ni kwa nini.

Siku ya kuchemsha maji kwa majaribio, binti alikuja akitembea kwa fimbo. Hakukaribia moto. Aliomba kipande cha boksi kikavu, akamwambia mmoja wetu akiweke chini ya koki, kisha akaketi kwenye kigoda na kuangalia. Maji yakachemka. Moto ukazimwa. Maji yakapoa. Saa mbili alikaa pale, nasi hatukuthubutu kumwambia aende kupumzika. Mwisho akaomba aletewe boksi, akaligeuza, akalipapasa. "Kavu," alisema.

Tungependa ushuhuda uishie hapo, lakini Bwana alikuwa na somo moja zaidi. Wiki ya tatu, togwa yetu ilichachuka kabla ya Jumapili mchana. Wiki ya nne vivyo hivyo. Ulezi ulikuwa mzuri, maji yalikuwa safi, koki haikutoa tone. Tukarudi kwa fundi. Akaifungua koki yote, akatutolea kipande cha ndani kinachofanana na gololi yenye tundu, kile kinachozunguka ukifungua na kufunga. Nyuma yake kulikuwa na uji wa wiki zilizopita, umegeuka rangi, unanuka. Tulikuwa tukiosha sufuria mpaka linang'aa, na kila togwa mpya ilipita katika uozo ule na kuubeba. Tangu hapo tukiosha tunaiacha koki nusu wazi ili maji ya moto yapite nyuma ya gololi, na kila Jumamosi kabla ya kupika tunaifungua yote na kuisugua.

Nabii Yeremia, katika sura ya pili, anawalaumu watu walioiacha chemchemi ya Mungu na kujichimbia mabirika yenye nyufa. Tulikuwa tukisoma andiko lile tukiwafikiria wengine, wale walio nje. Na Bwana alipowaambia Mafarisayo waanze kusafisha kikombe kwa ndani, tulidhani anasema na Mafarisayo. Sasa tunajua kwamba kikundi kinachoimba vizuri, kinachotembelea wagonjwa na kuandika vizuri daftari lake, kinaweza kuwa kinapangusa tone kwa kitambaa nyuma ya kanga. Na hata kisipovuja tena, kinaweza kuwa na kitu cha zamani kinachonuka nyuma ya gololi. Kuungama mara moja kuliziba tundu. Kujichunguza ni kazi ya kila Jumamosi.

Hatutaki kusema kwamba yaliyompata binti yalikuwa mpango wa Mungu wa kutufundisha sisi. Tuliliandika neno hilo mara moja, tukalikata, na hatutaliandika tena. Mguu wake una kovu, na wakati wa baridi unamuuma. Tunachosema ni kwamba Mungu hakutuacha katika uongo wetu.

Leo binti ndiye mkaguzi wa kikundi. Kila Jumamosi anakuja na boksi lake kavu, anakaa kwenye kigoda chake, na togwa haiuzwi mpaka aseme neno lake moja. Na kila tunapofungua mkutano, baada ya sala na kabla ya hesabu za fedha, katibu anauliza swali ambalo sasa limeandikwa ndani ya jalada la daftari: "Ni nani alituambia neno, nasi hatukulisikia?" Kisha tunanyamaza. Wakati mwingine ukimya huo ni mrefu. Tumejifunza kutouharakisha.